Marathoni za machipuko kutokea Arusha: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila ikifika Januari, maswali ni yaleyale. Nayakuta barabarani Ngaramtoni, nayakuta kwenye kijiwe cha kahawa, na wazazi wananipigia simu kuyauliza. Nilikimbia mbio za barabarani miaka kadhaa, na siku hizi nawashikia vijana saa na chupa za maji alfajiri. Haya ndiyo majibu ninayowapa.

Machipuko ni lini hasa, na sisi yanatuhusu vipi?

Ni majira ya nchi za kaskazini baada ya baridi kali, kuanzia Machi hadi Mei. Asubuhi kule huwa na ubaridi wa wastani, na mwili unaokimbia kwa kasi saa mbili mfululizo unauhitaji ubaridi huo. Kwetu miezi hiyohiyo ni masika.

Tokyo ndiyo hufungua, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Machi pia kuna Seoul, na Nagoya ambayo ni ya wanawake. Aprili ndiyo mwezi wenyewe: Paris, Rotterdam, Boston Jumatatu ya tatu ya mwezi, kisha London. Msimu wa pili wa mwaka ni Septemba hadi Novemba, wa Berlin, Chicago na New York. Sydney, inayokimbiwa Agosti, iliingizwa mwaka 2025 kwenye kundi la marathoni kubwa za dunia, zikawa saba.

Kwa nini mkimbiaji mkubwa anakimbia marathoni mbili tu kwa mwaka? Si angekimbia tano apate pesa zaidi?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo ninalotamani kila kijana alishike kabla hajasaini chochote.

Kilomita 42.195 kwa kasi ya juu zinachana misuli. Siku inayofuata mtu anashuka ngazi kinyumenyume. Maumivu huisha ndani ya wiki moja, na hapo ndipo vijana wanapodanganyika, kwa sababu ndani bado hajapona: mishipa, mifupa, damu, hata usingizi. Ukimrudisha kwenye marathoni baada ya wiki tano atakimbia, tena anaweza kufanya vizuri mara moja au mbili. Halafu anazima. Nimewaona vijana wenye vipaji wakizima wakiwa na miaka 25, na karibu wote hawakuwa wavivu. Walikimbia mno, mahali pasipofaa, kwa sababu mtu fulani aliwaambia kuna mbio na kuna hela.

Tazama mwaka 2025 wa Alphonce Simbu. Aprili alikimbia Boston, akawa wa pili kwa saa 2:05:04. Kisha akatulia, akajenga upya, na Septemba 15 akashinda ubingwa wa dunia Tokyo kwa 2:09:48, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, na picha ya kamera ya mstarini ndiyo iliyowatenganisha kwa sekunde 0.03. Mtu ambaye miguu yake imechoka hapati hatua ile ya mwisho. Mimi nasema hatua ile ilitoka kwenye mapumziko ya Mei na Juni kama ilivyotoka kwenye mazoezi ya Agosti.

Mazoezi ya Boston au London yanaanza lini hapa Arusha?

Desemba. Marathoni ya Aprili inataka wiki 14 hadi 18.

Desemba ni ya kujenga: kukimbia kwa urahisi asubuhi na jioni, kupanda vilima, kuongeza kilomita taratibu. Wengi huenda nyumbani Krismasi, Mbulu, Karatu, Hanang au Singida, na hawapotezi kitu, kwa sababu miinuko ya Mbulu iko juu kuliko Arusha mjini na njia za udongo ni rafiki wa miguu. Wakirudi Januari, kambi inaanza kwa kweli.

Wiki ya Januari na Februari ina siku tatu ngumu, na zilizobaki ni za kutembeza miguu. Jumanne ni uwanjani Sheikh Amri Abeid kwa wanaopata nafasi, au fatleki kwenye barabara za vumbi zinazozunguka mashamba ya kahawa ya Burka: dakika moja kasi, dakika moja polepole, mara 20 au 25. Alhamisi au Ijumaa ni tempo, kilomita 12 hadi 20 za kasi ya kubana meno. Halafu siku ya mbio ndefu, kilomita 30, 35, mpaka 40. Barabara ya Namanga kupitia Sakina na Ngaramtoni inapanda muda mrefu bila huruma, na ya Kisongo imenyooka zaidi, kwa hiyo tunabadilisha kufuatana na mbio anayokwenda mtu. Kwa jumla mkimbiaji wa daraja la juu anafikisha kilomita 160 hadi 200 kwa wiki.

Machi ndiyo mtihani. Wiki zinazotakiwa kuwa bora kuliko zote ndizo masika yanapoingia. Udongo wa chini ya Mlima Meru ukilowa unateleza na kunata, raba inakuwa na uzito wa jembe. Tunahamia kwenye lami, na lami ina magari, na saa kumi na mbili asubuhi magari hayo yanawahi mjini. Naomba madereva wa daladala na wa noa wanaosoma hapa: mkiona kundi la vijana upande wa kulia wakiwa na viakisi mwanga, punguzeni. Pale anaweza kuwa anapita bingwa wa kesho.

Wiki mbili au tatu za mwisho kilomita zinapunguzwa sana, kasi kidogo inabaki. Kijana asiyezoea anajiona mzito na anaanza kuwa na wasiwasi. Anatamani kukimbia kilomita 35 za kujihakikishia, na hapo kazi ya kocha ni kumnyang'anya raba.

Arusha haiko juu kama Iten ya Kenya, mji wa wakimbiaji. Inatosha?

Arusha mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Iten ni kama 2,400. Juu zaidi oksijeni ni haba, na figo zinaagiza mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za kuibeba. Hiyo ndiyo faida, na kwa kimo cha Arusha pekee haipatikani yote. Ndiyo maana wapo wanaopanda kulala juu zaidi, wapo wanaokwenda Mbulu, na wapo wanaovuka mpaka kwenda Kenya kwa wiki kadhaa.

Ila Arusha ina kitu kingine. Ukiwa mita 2,400 huwezi kukimbia kasi ya mashindano kwa muda mrefu, hewa hairuhusu. Hapa inawezekana. Mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye miinuko ya Manyara, akajengwa huko Desemba, akaja kufanya kasi hapa Februari, amepata vyote viwili kwa nauli ya basi.

Saa 2:05 ni kasi gani, kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia?

Ni kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 58. Nenda Sheikh Amri Abeid, zunguka mara moja kwa sekunde 71. Ukiweza, rudia mara 104 na ushei bila kusimama. Wapo wanafunzi wa sekondari wenye mbio ambao hawamalizi mizunguko mitatu ya namna hiyo.

Nikimbie Kilimanjaro Marathon kwanza, kisha niende Ulaya Aprili?

Inategemea unaikimbiaje. Kilimanjaro Marathon inafanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, yaani wiki sita hadi tisa kabla ya Boston na London. Kwa anayelenga mbio hizo, kukimbia kilomita 42 za Moshi kwa nguvu zote ni kuchoma shamba siku chache kabla ya mavuno. Kilomita 21 ni sawa kabisa: ni kipimo kizuri, watu wanakushangilia kwa lugha yako, na jioni unalala kwako.

Wasioijua wasidanganywe na mandhari. Inaanzia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, sehemu ya kwanza ya mbio ndefu inapita barabara za chini za mji, halafu njia inageukia mlimani kwenda Mweka. Unapanda katikati ya migomba na kahawa, watoto wanakimbia pembeni yako, na Kibo kikiwa wazi kinakutazama usoni. Moshi iko chini kuliko Arusha, jua la Februari pale linaunguza, na ukifika Mweka bado una kazi ya kushuka.

Kushuka huko ndiko ninakokupenda. Kilomita za mwanzo za Boston ni za mteremko, na watu wengi huvunjika pale mapaja, siyo vilimani. Mteremko unafanya msuli wa mbele wa paja ufunge breki kila hatua, na breki hizo ndizo zinazochana. Anayekwenda Boston nampeleka njia ya Mweka Januari, anapanda polepole na kushuka kwa mwendo wa kipimo. Mara ya kwanza kilomita tano tu, kwa sababu kesho yake atalalamika. Wiki ya tatu halalamiki tena.

Kwa nini muda wa Boston hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia?

Kwa rekodi, mwanzo na mwisho wa njia visiwe mbali kuliko nusu ya urefu wa mbio, na mteremko wa jumla usizidi mita moja kwa kila kilomita, kama mita 42 kwa marathoni nzima. Boston inaanzia kijiji cha Hopkinton na kunyooka hadi mjini, na inashuka zaidi ya mita 130. Upepo ukiwa mgongoni unasukuma njia nzima. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia pale 2:03:02, hakuna binadamu aliyekuwa amefika hapo kwenye marathoni, na bado haikuingizwa kwenye rekodi.

Usidhani basi ni rahisi. Kati ya kilomita ya 26 na ya 34 kuna vilima vya Newton, na cha mwisho kinaitwa Heartbreak Hill. Mwaka 2025 John Korir wa Kenya, aliyekuwa ameanguka mwanzoni kabisa mwa mbio, aliwaacha wenzake maeneo hayo na kushinda kwa 2:04:45.

Sungura ni nani?

Ni mkimbiaji anayelipwa kuweka kasi. Anavuta kundi hadi kilomita ya 25 au 30, kisha anatoka. Tokyo, London na Rotterdam wanao. Boston hawapo, kwa hiyo pale mbio inageuka mchezo wa bao: huyu anapunguza, yule anachomoka, mwingine anajificha nyuma ya migongo. Vijana wetu waliozoea kukimbia kwa makundi bila saa huwa wanaipenda.

Watanzania wamefanya nini Boston? Mbona tunasikia "wa pili" tu?

Ni kweli, na nataka tuzungumze juu ya hilo kwa heshima.

Juma Ikangaa alikuwa wa pili mwaka 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Fikiria sekunde moja baada ya kilomita 42. Ikangaa alikuwa anakimbia mbele, anavuta yeye mwenyewe, hasubiri kuvutwa, na mtu wa namna hiyo hubeba upepo wa wenzake wote. Novemba 1989 alikwenda New York akashinda kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile wakati huo. Mwaka 2023 Gabriel Geay alikuwa wa pili kwa 2:06:04, nyuma ya Evans Chebet kwa sekunde 10, siku ambayo Eliud Kipchoge wa Kenya, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alimaliza wa sita. Mwaka 2025 Simbu akawa wa pili, sekunde 19 nyuma ya Korir, na Cybrian Kotut wa Kenya akaandikiwa muda sawa na wake.

Nafasi ya pili mara tano. Watu wanalichukua kama mkosi. Mimi ninapolitazama naona watu watatu kutoka nchi yenye viwanja vichache vya kukimbilia wakisimama bega kwa bega na Kenya na Ethiopia kwenye marathoni ya zamani kuliko zote za kila mwaka, iliyoanza 1897. Bibi mmoja jirani yangu aliniuliza baada ya mbio ya 2025, "Kwa hiyo kijana ameshindwa?" Nikamwambia, "Hapana bibi, duniani kote siku ile alikuwepo mmoja tu mbele yake."

Kwa njia nyingine tuna ushindi wa kutosha. Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, Francis Naali mwaka 2002, Samson Ramadhani mwaka 2006. Suleiman Nyambui alishinda Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Christopher Isegwe alileta fedha ya dunia kutoka Helsinki 2005.

Na wanawake?

Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa 2:18:41, rekodi ya taifa. Hiyo ni kama dakika 3 na sekunde 17 kwa kilomita. Alifungua mlango, na mabinti ninaowaona barabarani Sakina alfajiri wanaujua muda wake kwa kichwa.

Kinachowarudisha nyuma si miguu. Binti akimaliza kidato cha nne anaambiwa mbio ni utoto. Kukimbia peke yake gizani si salama, na raba za kike za saizi ndogo ni shida kupatikana. Kambi ikiwa na mabinti watatu wenye kukimbia pamoja, mengi ya hayo yanapungua.

Kuna jambo la kujua kuhusu rekodi zao: zipo mbili. Moja ni ya mbio ambamo wanaume wapo na wanaweza kuwavuta, nyingine ni ya mbio za wanawake peke yao. London huwaanzisha wanawake wakubwa mapema, mbali na wanaume, na ndipo Tigst Assefa wa Ethiopia alipoweka 2:15:50 mwaka 2025.

Wanakula nini?

Ugali, wali, ndizi, maharage, mboga za majani, maziwa, dagaa, nyama kidogo. Asubuhi chai ya maziwa na viazi vitamu baada ya mazoezi, si kabla. Wa upande wa Moshi wanakuletea mtori, na sijapata chakula cha kumrudisha mtu haraka baada ya kilomita 35 kuliko bakuli la mtori wa moto.

Kigeni kwetu ni kunywa wanga ukiwa unakimbia. Kwenye mbio kubwa kila mkimbiaji wa daraja la juu ana chupa yake mezani kila kilomita tano, yenye kinywaji alichokichanganya mwenyewe. Wengi wanalenga gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, na tumbo lisilozoezwa linakataa, kwa hiyo jeli za wanga na chupa zinaanza kuzoezwa Januari kwenye mbio ndefu. Nimemwona kijana aliyejiandaa miezi minne akisimama kilomita ya 30 kwa sababu ya kinywaji alichokionja kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Raba za bei mbaya zina maana?

Zina maana. Povu lake linarudisha nguvu, na bamba gumu la ndani linaongoza mguu. Sheria inaruhusu soli isiyozidi milimita 40 na bamba moja tu. Lakini zinachoka haraka, kwa hiyo zitumike kwa kazi za kasi na siku ya mbio. Na usinunue za mtumba za aina hiyo ukidhani umepata: povu lililokufa linaumiza kifundo.

Pesa zinakuwaje?

Kuna malipo ya kushiriki, ambayo mwandaaji anampa mwenye jina. Kuna zawadi ya nafasi. Na kuna nyongeza ya muda. Boston imekuwa ikitoa dola 150,000 kwa mshindi na 75,000 kwa wa pili. London zawadi ya mshindi ni 55,000, lakini inalipa pia kwa muda.

Halafu makato yanaanza. Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwa mgeni. Meneja anachukua sehemu yake, mara nyingi asilimia 15. Kocha, physio na wenza wa mazoezi nao wapo. Tena fedha haziji kesho yake: waandaaji husubiri majibu ya vipimo vya dawa, na miezi inaweza kupita. Mimi mwenyewe niliwahi kukimbia nje, nikashika nafasi ya zawadi, na nikangoja mpaka nikaacha kuuliza. Sikuwa na nakala ya mkataba mkononi. Tangu siku hiyo nikimwona kijana anasaini, namwambia apige picha kila ukurasa, na asomewe kwa Kiswahili na mtu asiyelipwa na meneja.

Meneja wa kweli nitamjuaje?

Awe ameidhinishwa kuwa wakala wa wanariadha na Shirikisho la Riadha la Dunia, na Shirikisho la Riadha Tanzania lijue kwamba mnafanya kazi pamoja. Asishike pasipoti yako. Asikutake ulipe kwanza ndipo akupeleke. Akiwa na haraka ya kukukimbiza marathoni tatu mwaka wa kwanza, muage kwa adabu.

Viza ianze mapema, kwa sababu balozi ziko Dar es Salaam na miadi ina foleni.

Hivi vipimo vya dawa vinafika mpaka kijijini?

Vinafika. Aliye kwenye orodha ya kupimwa anatakiwa kuandika kila siku atakuwa wapi, na saa moja mahususi ambayo lazima akutwe. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 anahesabiwa amevunja sheria, hata kama hajawahi kumeza kitu. Ndiyo maana kijana anayekwenda msibani Hanang lazima abadilishe taarifa kwenye simu kabla hajapanda basi. Familia zisione ni majivuno.

Hatari kubwa huku kwetu ni duka la dawa. Dawa ya mafua yenye pseudoephedrine siku ya mbio, sindano ya goti ya aina ya steroidi: vitu vya kawaida kwa jirani yako, lakini kwako vinaweza kukata miaka. Mwambie daktari wewe ni mwanariadha kabla hajaandika chochote. Na dawa ya mizizi ambayo hujui ndani ina nini, iache.

Mzee Akhwari alimaliza akiwa na jeraha. Mbona wakubwa wa leo wanaacha mbio njiani?

John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bandeji akaendelea. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu. Mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Akhwari aliingia uwanjani taa zikiwa zimewashwa, wa 57 kati ya 57 waliomaliza, kwa 3:25:27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Nawafundisha vijana habari hii kila mwaka, na bado nawaambia wapo watakaoacha, na watakuwa sahihi. Akhwari alikuwa amevaa jezi ya taifa. Mkimbiaji aliye London kwa mkataba wake, akahisi mfupa wa mguu unauma kilomita ya 28, akilazimisha anaweza kupoteza mwaka mzima, pamoja na nafasi ya kuivaa jezi hiyo Septemba. Kuacha kwa sababu umeona hushindi ni jambo jingine, na hilo silikubali.

Mwanangu ana miaka 17 na anashinda mbio zote za shule. Nimpeleke marathoni?

Hapana, mama. Hapana, baba. Kwenye mashindano ya dunia mwenye umri chini ya miaka 20 haruhusiwi kabisa kukimbia marathoni. Mpeleke mbio za nyika, mita 3,000, 5,000. Akae huko miaka minne au mitano akinolewa kasi, kwa sababu kasi asiyoipata ujanani hataipata tena. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwa 3:32.2, akiwa kijana. Nyambui alipata fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, kisha ndipo Berlin ikaja baadaye. Na amalize shule.

Mimi ni mkimbiaji wa kawaida. Naweza kwenda Boston au London?

Boston inataka ufikie muda: kwa mbio ya 2026, mwanaume wa miaka 18 hadi 34 alitakiwa 2:55:00 na mwanamke wa umri huo 3:25:00, na hata hivyo waliokubaliwa walikuwa wamepita muda wao kwa angalau dakika 4 na sekunde 34. London ni bahati nasibu, na kwa 2026 waliomba zaidi ya watu milioni 1.1. Moshi unapanda basi tu.

Nitazame saa ngapi?

Kwa ratiba za 2025: Tokyo ilianza saa tisa na dakika kumi usiku kwa saa zetu, yaani weka kengele. London wanawake wakubwa saa tano na dakika tano asubuhi, wanaume saa tano na nusu na dakika tano. Boston wanaume walianza saa kumi na dakika 37 jioni, wakamaliza jua linazama Arusha. Kwetu tunakusanyika mahali penye televisheni na jenereta, kwa sababu Aprili mvua na umeme havipatani.

Akirudi anaanza tena lini?

Wiki mbili hadi tatu hakimbii. Mnaompokea KIA na matarumbeta, mshangilieni, kisha mwacheni alale. Msimwombe awaongoze kwenye mbio ya hisani Jumapili inayofuata, kwa sababu atashindwa kukataa. Mwezi Mei wengi wako nyumbani wakipalilia mahindi, na kama ukikutana naye Karatu amevaa gambuti na jembe begani, yuko kazini. Ndipo wiki hizo zikiisha, njia zikianza kukauka, anatoka asubuhi moja kwa dakika 30 za polepole, bila saa mkononi.